Likizo ya Kunguru

Zamani ndege nao walikwenda likizo, na arudiye alikalishwa katikati asimulie. Heroe aliposimulia kisiwa alikostarehe na kasa na pomboo, Kunguru mpayukaji akaingiwa na kijicho.

"Kwani yeye nani? Mimi nitakwenda kisiwa cha mbali zaidi, chenye wanyama wengi zaidi!"

Akaenda, asitulie. Kila alipomwona kasa, aliwaza tu jinsi atakavyomtambia Heroe. Mwisho akashindwa kungoja, akarudi mbio.

Hakuna aliyemkalisha katikati. Wenzake wote walikuwa wamenawiri, wanasinzia kwa raha. Wivu ukampanda upya.

"Haya, semeni! Nyinyi mlikwenda kisiwa gani?"

Njiwa akafumbua jicho moja.

"Hatukutoka hapa, kaka. Wewe ulipoondoka, ndipo tulipopumzika."