Herufi Zilizofutwa

Zamani maji yakimwagika hayakuzoleka. Siku hizi huzolewa yote, hadi tone la mwisho. Kila ukurasa wa mtandao husikiliza kibodi na kipanya, na sheria inataka barua imfikie mwenyewe pamoja na kila neno lililofutwa.

Zawena alimuuguza mama mkwe wake miezi saba, kabla bibi huyo hajahamia kwa bintiye Mwanahawa, kule Korogwe. Sasa bibi alitaka kurudi kwa Zawena. Zawena alimwandikia, "Karibu nyumbani, mama," akatuma, akaenda kuanua nguo.

Kabla hajazikunja, Mwanahawa alipiga simu.

"Wifi, mama kaisoma. 'Usije, nimechoka' umeiandika mara nne, ukaifuta mara nne. Na kipanya umekisimamisha juu ya kitufe cha kutuma dakika kumi na moja! Mwenzetu ulikuwa unasali?"

"Nilikuwa nimekaa tu."

"Basi mama analia. Mwombe radhi yaishe, aje zake."

Zawena alikitazama kitanda cha mgonjwa, alichokwisha kukitandika shuka safi. Mgongo ulikuwa ukimuuma.

"Aje, wifi. Kitanda kiko tayari, na uji nitampikia. Radhi siombi."