Nani Aliyekikaribisha

Siku hizi programu haiingii kwenye kompyuta ya nyumba mpaka ipige hodi kwa sauti, na mtu wa nyumba aitikie karibu. Kwa hiyo nilipokuta kifurushi kigeni cha programu kiitwacho mpokezi ndani ya Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yetu, nilijua pa kuanzia.

“Ni wewe, Baba Chiku,” nilimwambia mume wangu. “Unapenda mno vya bure.”

“Mimi sikijui, Mama Chiku. Iulize mashine.”

Niliiuliza kwa amri ninazozijua kama chumvi ya mchuzi wangu. Kifurushi hakikutoka kwenye ghala rasmi la programu, wala hakikuletwa na programu nyingine. Kilipiga hodi chenyewe Jumanne mchana, kikakaribishwa. Nikafungulia rekodi ya sauti iliyokikaribisha. Tukasikia samaki wakikaangwa, kisha mimi, nikisema bila hata kugeuka, “Karibu, pita ndani.”

Baba Chiku alicheka. Sikujali, kwani kukiondoa ni amri moja tu. Kwanza nikasoma kazi yake: kuitikia hodi kwa niaba ya mwenye nyumba.

Hapo hodi nyingine ikapigwa kwenye spika ya kompyuta iliyo ukutani, kwa sauti nisiyoijua. Nikafumba mdomo kwa makusudi.

“Karibu, pita ndani,” sauti yangu ikajibu kutoka ukutani.