Kosa Alilolificha Kicheche

Hapo nyuma kidogo, Nungunungu aliandika programu ya sarafu ya msituni, akaiacha wazi ili kila mnyama aisome na kuirekebisha. Kicheche ndiye aliyemsaidia zaidi, ila alikuwa na mdomo. Kila kosa dogo alilitangaza barazani: "Jamani, mwenzetu kakosea tena!" Wanyama walicheka, naye Nungunungu akaumia moyoni. Mwishowe akamfukuza.

Hasira zikiwa bado hazijamtoka, alifungua marekebisho yote ya Kicheche ili apate ushahidi wa dharau zake. Badala yake akakuta kosa moja kubwa, lake mwenyewe, ambalo lingemwezesha mwizi yeyote kukomba akiba za msitu mzima. Kicheche alikuwa ameliziba kitambo, wala hakumwambia mtu.

Nungunungu akamfuata shimoni kwake. "Hili mbona hukulitangaza?"

"Hili wasingecheka, ndugu yangu," Kicheche akajibu. "Wangekufukuza."

"Na yale madogo?"

Kicheche akainamisha kichwa. "Nilidhani tunataniana. Sikujua kwamba yanakuuma."

Nungunungu akarudi barazani, akaandika mbele ya wote: "Kosa kubwa lilikuwa langu. Aliyetuokoa ni Kicheche, nami nikamfukuza. Namwomba arudi."

Kicheche akarudi siku hiyohiyo.