Kata ya Kombo

Ulikula pilau kwenye matanga ya Kombo, mtunza bwawa wa hoteli, kisha ukageuza uso. Nakumbuka. Leo mashine inayotoa klorini kwenye chumvi ya bwawa la hoteli imekufa tena, na Nasra, aliyeshika kazi ya Kombo, ameambiwa atie klorini kwa mkono kwa muda.

"Nitie unga wa klorini peke yake, bosi."

"Changanya na vidonge vya ile klorini nyingine, dada!" meneja anamcheka. "Wageni wameshavua nguo."

"Kombo alichanganya, ndoo ikamlipukia."

"Kombo alikuwa mzembe. Mtu mzima unaogopa ndoo?"

Anaogopa. Vidonge vimo ndooni tayari. Kata ileile aliyochotea Kombo, iliyoungua ukingoni, imejaa unga na Nasra ameishika juu ya ndoo.

Wewe uliye dirishani, usigeuze uso tena. Ingia, mshike mkono sasa hivi!