Shahidi wa Eliseo

"Mtu mmoja tu," alisema wakili Rosalba. "Mmoja aliyekufahamu ulipokuwa na miaka kumi na minane, aape kwamba hukuijua sheria. Huna hata mmoja?"

Eliseo Tzoc aliitazama mikono yake. Miaka kumi na moja ya kukata nyama ya ng'ombe kiwandani ilikuwa imemkakamaza vidole.

"Sina, Bi. Rosalba."

"Rafiki? Mchumba? Hata mwenye nyumba?"

"Mwenye nyumba ananijua kwa namba ya chumba."

Rosalba akacheka, kisha akaona kwamba kijana hatanii.

Sheria yenyewe ilikuwa fupi. Kijana wa kiume anayeishi Marekani, awe mwenyeji au mgeni mwenye makaratasi, akitimiza miaka kumi na minane sharti ajiandikishe, ili siku vita vikihitaji watu aitwe. Akifika ishirini na sita, daftari limefungwa. Eliseo alikuwa na ishirini na tisa, anaomba uraia, na jina lake halikuwamo.

"Watakuuliza, ulikwepa au hukujua? Wakiona ulikwepa, uraia usahau kwa sasa."

"Sikujua. Hakuna aliyeniambia."

"Mimi nakuamini, kijana wangu. Lakini afisa haamini watu, anaamini karatasi. Mama yako je?"

"Alikwisha kufa."

Angesema nini zaidi? Kwamba wiki aliyotimiza miaka kumi na minane, huko Los Angeles, mama yake Candelaria alimfungia nguo kwenye begi, akamtilia na tamale nne za moto za unga wa mahindi, akampandisha basi la kwenda Nebraska kwa binamu yake wa kiwandani? Mwezi mmoja kabla ya hapo, mwanamume mmoja, Rigoberto, alikuwa amehamia kwao na televisheni kubwa, ikionyesha vita vya Iraki kutwa kucha. Mama alikuwa akiizima kila alipopita. Yeye na vita hawakupatana tangu usichana wake Gwatemala, wanajeshi walipomchukua kaka yake sokoni na kikapu chake cha vitunguu. Kilichorudi ni kikapu.

Eliseo alijumlisha mwenyewe. Chumba kimoja, mume mpya, mtoto mkubwa. Nani wa kuondoka?

"Usirudi mpaka nikuite," mama alimwambia kituoni. "Barua usiniandikie. Na mtu akikuuliza, huku huna mama."

"Nimekukosea nini?"

Mama alimchorea msalaba kwenye paji la uso, akageuka akaenda zake kabla basi halijawasha injini.

Mwaka wa pili binamu alirudi Gwatemala. Eliseo akabaki na chumba, sufuria moja na redio. Krismasi za mwanzo wenzake wa kiwandani walimwalika. Alikataa, akakataa, hata wakachoka. Theluji ilipoanguka mwishoni mwa juma aliweza kukaa toka Ijumaa hadi Jumatatu bila kusikia sauti yake mwenyewe.

Mama alipiga mara moja kwa mwezi, kutoka simu ya barabarani, magari yakinguruma nyuma yake. Anajificha na mumewe, Eliseo aliwaza.

"Umekula, Eli?"

"Nimekula."

"Baridi?"

"Ipo."

Senti zikiisha, simu inakatika. Neno "njoo" hakuwahi kulitamka. Miaka minane.

Kisha siku Eliseo alipotimiza ishirini na sita, simu ililia alfajiri, na mama alikuwa anacheka. Kicheko hicho alikuwa amekisahau.

"Njoo nyumbani, mwanangu! Njoo leo. Kitanda nimekitandika."

"Rigoberto amekuacha, siyo?"

"Huyo aliondoka zamani, Eli. Mwaka uleule."

"Mwaka uleule! Na muda wote huo hukuniita. Sasa umezeeka, unataka wa kukuchotea maji. Tafuta mwingine."

Akakata simu. Alipopigiwa tena hakupokea. Februari iliyofuata moyo wa mama ulisimama akiwa kwenye foleni ya mkate, na habari zilimfikia kwa jirani wiki moja baada ya mazishi.

Siku ya usaili Eliseo aliamka saa kumi alfajiri, akavaa koti la kuazima, akasafiri hadi Omaha peke yake. Kwenye ukumbi wa kungojea kila mtu alikuwa na wake: mke, mtoto, shangazi mwenye maua. Yeye aliweka kofia yake kwenye kiti cha jirani.

Afisa alikuwa mzee mpole mwenye faili nene.

"Umeleta shahidi?"

"Hapana, bwana. Sina mtu."

"Na hukuwahi kupata barua ya kukutaka ujiandikishe?"

"Sijawahi, naapa."

"Zilitumwa tatu. Anwani ya Los Angeles."

"Sikuziona hata moja."

"Najua hukuziona." Afisa alimtazama kwa kitambo, kama mtu anayehakikisha kwamba aliye mbele yake anapumua. "Mbili za kwanza hazikujibiwa. Ya tatu ilirudi, na baada ya hiyo hawakukutafuta tena. Ofisi ya uandikishaji imetuletea barua yenyewe. Kwangu inatosha, bwana Tzoc, uraia utaupata. Ila niambie, mwandiko huu unaujua?"

Akaigeuza karatasi. Juu ya jina la Eliseo zilipita herufi kubwa kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani, kalamu imekandamizwa hadi karibu itoboe:

"MWANANGU AMEKUFA. NIMEMZIKA MIMI MWENYEWE. NAWAOMBA MSIMWITE TENA."