Nimekuja Kuchukua Moto

Siku hizi majiko yetu ya jua huazimana moto yenyewe. La kwangu likipungukiwa, la jirani hulijazia, na sisi wapishi hatuna habari. Nashukuru, jamani! Macho hayaniwashi kwa moshi, mgongo umesahau mzigo wa kuni.

Lakini hodi za majirani nazo zimekwisha. Leo asubuhi nilichukua kigae, kama alivyofanya mama zamani alipokwenda kuomba makaa, nikapiga hodi kwa jirani yangu Nakijwa.

“Jiko lako limekufa, mwenzangu?”

“Linapika maharage sasa hivi. Nimekuja kuchukua moto tu.”

Alicheka mpaka akajifuta machozi. “Mchukua moto hakai, lakini wewe leo utakaa!”

Akageuka kutafuta pa kunikalisha. Nyumba nzima ilikuwa na kiti kimoja.