Waya wa Ardhi

Juu ya nguzo ya transfoma, mtaa wa Msimbazi, Melkiori alikata umeme, akafunga waya wa ardhi, ule unaoupeleka umeme udongoni ukirudi ghafla. Miaka mitatu nyuma, kwenye nguzo hiihii, umeme ulirudi mwenzake akaungua, akafa.

"Shemeji!" Chini, mjane wa marehemu aliacha kukoroga uji wake wa kuuza. "Waya umefunga leo?"

"Nimefunga, shemeji. Hata siku ile nilifunga. Niliapa mbele ya kamati ya wafanyakazi iliyochunguza kifo chake."

Mjane aliinama, akavuta gunia chini ya meza, akatoa waya mnene wa shaba, umeota kutu ya kijani.

"Basi huu, shemeji, mbona uliusahau hapa kwangu siku ile, ulipomaliza uji, kabla ya kupanda nguzo?"